Mgonjwa wa Kuigiza Mbele ya Tume ya Wizara

Aibu yangu ilihudhuriwa na watu wengi kuliko harusi yangu, kwa hiyo sina sababu ya kuificha: nusu ya mtaa wetu wa Biryogo walikuwepo, na nusu nyingine walikuwa wameshasimuliwa kabla ya magharibi.

Miaka ile, mwanzoni mwa tisini, nilikuwa nashona makoti meupe ya wanafunzi wa udaktari wa chuo kikuu cha serikali, wale waliokuwa wakiletwa Kigali kujifunza katika hospitali kubwa ya mjini, na hivyo ndivyo nilivyofahamiana na mwalimu wao, Daktari Anastazi, mpasuaji mrefu, mpole, ambaye koti lake mwenyewe lilikuwa limechanika kwapani miezi mingi na hakuwahi kuniletea nilishone kwa sababu, alisema, hapati nafasi ya kulivua. Siku moja akaja kibandani kwangu, akakaa juu ya furushi la vitambaa.

"Saidi, wizara inatuletea tume," akasema. "Vita viko kaskazini, fedha hazitoshi, na wako wakubwa wanaosema wanafunzi wakae darasani na vitabu vyao, kuwaleta hospitali ni gharama ya bure. Nataka waone kwa macho yao mwanafunzi anavyompima mtu."

"Lakini, muganga, wagonjwa si wamejaa pale?"

"Mgonjwa si onyesho. Sitamvua mtu shati mbele ya wageni akiwa na homa yake. Nataka mtu mwenye afya aigize, na wewe nimekuona harusini."

(Harusini nilikuwa naigiza walevi na mashemeji wakorofi, watu wakicheka mpaka pilau inawapalia, na kwa sifa hizo nikajiona mimi ni mtu mkubwa.) Nikakubali palepale. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: niseme nina malaria, kichwa kinagonga, viungo vinauma, basi, mwanafunzi aulize, apime, awaeleze wageni kwa Kifaransa. Mimi nikarudi nyumbani nikawaalika majirani.

Siku yenyewe niliamka na maumivu kidogo hapa kwenye kitovu. Nikalaumu mishikaki ya jana yake, wala sikumwambia mtu, maana mke wangu angenizuia na majirani walikuwa wameshavaa kanzu. Hospitalini wakanivika lile gauni linalofungwa kamba kwa nyuma, na ndani yake nikabaki na chupi yangu ya siku zote, iliyotoboka (ndiyo, fundi cherehani mwenye chupi iliyotoboka, semeni mnavyotaka). Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa watu wa tume na mwenyekiti wao, bwana mnene mwenye viatu vyeusi vinavyong'aa na uso wa mtu aliyekwisha kuamua, na madirishani, kutoka uani, niliona kofia za Biryogo zimepangana.

Mwanafunzi alikuwa binti mdogo wa mwili, Donatila, anayesema taratibu. Akaniuliza, "Mzee, iko nini inakuuma?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kusema kichwa, nilitazama zile kofia dirishani, nikaona malaria ya kawaida haitoshi, nikashika kichwa, nikapiga yowe, nikajitupa chini na kugaagaa, nikimwita marehemu mama yangu na kumuusia mke wangu asiolewe na Hamisi wa duka la jirani. Uani wakaanguka kwa kicheko. Watu wa tume nao wakacheka, hata mwenyekiti, na Daktari Anastazi peke yake ndiye aliyesimama akiniangalia kama mtu anayetazama sufuria ikichemka na kumwagika.

Wakanirudisha kitandani, na wakati wananiinua kitu kikanikata tumboni, chini upande wa kulia, kama mkasi. Jasho likanitoka. Nikasema, "Naumwa kweli." Wakacheka. Nikasema, "Wallahi naumwa," wakacheka zaidi, na mwenyekiti akapiga makofi. Jamani, nimekuwa nikiomba nichekwe maisha yangu yote, siku ile nilikuwa naomba wanyamaze.

Donatila hakucheka. Aliweka mkono tumboni kwangu, akabonyeza polepole, akaachia ghafla, nami nikatapika. Sikutapika chini. Nilitapika juu ya vile viatu, maana mwenyekiti alikuwa amesogea karibu aone vizuri.

Donatila akageuka kwa mwalimu wake, akasema bila kupunguza sauti: "Mwalimu, huyu haigizi tena. Mwanzo alikuwa anagaagaa. Sasa amekunja goti na hataki hata kitanda kitikiswe."

Daktari Anastazi akaja, akagusa mahali palepale mara moja tu. Kisha akawageukia watu walioshika riziki ya chuo chake mkononi, na ile siku aliyoingoja na kuiandaa, akasema, "Waheshimiwa, mtanisamehe. Onyesho limekwisha. Nina mgonjwa." Hakungoja ruhusa.

Machela ikapitishwa uani, katikati ya majirani zangu, nimelala ubavu, kamba za gauni zimefunguka, na kila niliyemwalika akaiona ile chupi. Nilimsikia shehe wetu akisema, "Tazameni pembeni," na hapo ndipo wasiokuwa wametazama wakatazama.

Kidole tumbo kilikuwa kimevimba, karibu kupasuka, na Daktari Anastazi akanipasua akakitoa. Nilipozinduka, Donatila alikuwa ameketi kando ya kitanda changu akihesabu mapigo ya moyo, koti lake (kazi ya mikono yangu) likiwa na madoa yangu. Nikamwomba radhi. Akasema, "Ihangane, vumilia, mzee. Pumua tu."

Kesho yake nani kaingia wodini? Mwenyekiti. Amevaa viatu vingine, vya kahawia. Akasimama, akakohoa, akasema, "Nataka kuona mshono. Jana ulinidanganya vizuri sana." Nikafunua. Akautazama muda mrefu, kisha akamuuliza Donatila alijuaje, na yule binti akamweleza bila haraka: tumbo lililokaza, goti, jasho, mtu anayeacha ghafla kujitikisa. Mwenyekiti akauliza, "Hayo yako kitabuni?"

"Yako, Musiyo," akajibu. "Lakini kitabuni mtu hachekeshi."

Yule bwana alinifunika shuka mwenyewe, akatoka. Mwaka ule wanafunzi hawakuondolewa hospitalini. Nilimuuliza Daktari Anastazi kama ni kwa ajili ya utumbo wangu, akacheka tu, akarudi kwa wagonjwa wake, kwapa lile bado limechanika.

Mimi tangu siku ile harusini naigiza walevi peke yao. Na nikienda kwa muganga nasema maneno mawili, hapa panauma, hapa hapaumi, halafu nanyamaza mpaka niulizwe.