Picha ya Kifua cha Mama Godoro

Miaka kumi na tisa alishindilia pamba kwenye magodoro, mtaa mzima ukamwita Mama Godoro. Sasa hata kufunga kamba za viatu kulimtoa jasho. Ngazi alizipanda kwa makalio, kidato kimoja kimoja, wifi yake akimtazama kutoka juu.

"Vipimo vimesema u mzima," wifi alisema. "Aliyechoka kazi aseme tu."

Ni kweli, mara mbili alipuliza kimashine cha kupimia pumzi kwenye kliniki ya kiwandani, na mara mbili namba zikatoka nzuri. Mumewe naye aliziamini namba hizo, na hilo ndilo lililomkata maini. Akaanza kujiuliza kama kweli anajifanya.

Hospitali kubwa ikamwita kwa picha ya gesi, ile ya mapafu inayopigwa mgonjwa akiwa amevuta gesi maalumu. Dada wa mashine alimvalisha kizibao chenye nyaya, akamlaza.

"Mama, vuta gesi yote ya mfuko huu, halafu ubane pumzi sekunde kumi na mbili. Pale itakapofika patang'aa kwenye picha."

Sekunde ya tano kikohozi kikamshinda. Picha ikaharibika.

"Umebaki mfuko mmoja," dada akasema taratibu. "Na gesi yenyewe haikai, dakika chache tu imekwisha nguvu."

"Nikishindwa tena, nani ataniamini?"

"Nisikilize mimi nikihesabu. Basi."

Akavuta. Machozi yakamchuruzikia masikioni. Saba. Nane. Kifua kikawaka, vidole vya miguu vikajikunja. Kumi na mbili.

Daktari aliwaonyesha picha, yeye na mumewe. Mapafu yalikuwa kama shuka iliyotafunwa na panya: mabaka machache yanayong'aa, kwingine giza tupu.

"Kwenye weusi hewa haifiki. Kupuliza peke yake kusingeonyesha haya."

"Patafunguka?" mume akauliza.

"Padogo, kwa dawa. Kwingine, sitawadanganya, hapana. Na pamba asiiguse tena, vumbi lake ndilo lililomharibu."

Mume akajifunika uso. "Nisamehe, mke wangu."

Siku zote aliomba aaminiwe tu. Sasa ameaminiwa. Kisha akashtuka, akanyakua simu. Mdogo wake alikuwa ameshika nafasi yake kiwandani tangu mwezi uliopita.

"Toka humo!"

"Dada, zamu haijaisha. Msimamizi..."

"Toka nje, mdogo wangu! Hiyo pamba..." Pumzi ikakatika. Mdomo ulichezacheza bila sauti. Mumewe akaichukua simu.

"Shemeji, ni mimi," akasema. "Acha kila kitu. Toka."