Spika Nne za Papa Bora

Ukitaka kumjua Akilimali, nenda soko la Gitega, Burundi, umuulize bei ya sabuni. Bei hutaipata upesi. Kwanza utaelezwa jinsi sabuni hiyo ilivyotoka Uvira, ilivyonyeshewa njia nzima isipungue hata kidogo, na ilivyong'arisha shati la mchungaji mmoja mpaka waumini wakasahau mahubiri. Mwisho utaondoka na miche mitatu ambayo hukuwa na haja nayo, tena unacheka. Mdomo wa mtu huyu ndio duka. Ile meza ni nyongeza tu.

Basi mdomo huohuo ndio uliomtia matatani, akiwa na miaka hamsini na sita, umri ambao wenzake wameshatulia na magoti yao yanayouma.

Alimpenda mama mmoja wa Gasorwe, kule Muyinga, jina lake Ruth. Mjane, mkulima, mwanamke aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania akarudi kwao na Kiswahili kilichonyooka na jicho lisilodanganyika. Akilimali naye alikuwa mgane. Mkewe, mama wa binti yake wa pekee, Bora, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Walikutana alipokwenda Gasorwe kununua maharage, na tangu siku hiyo simu ilikuwa haipoi. Na kwenye simu, jamani, mwanamume anafanya nini? Anajisifu.

"Mi niko na gari, Karina, Mama Ruth," alikuwa akisema. "Ni ya zamani, lakini redio yake ni ile ya kiwanda, hakuna mtu aliibadilishaka. Spika ine! Ukiikala ndani, unafikiri kwaya nzima iko kwa kiti ya nyuma."

Karina ilikuwepo kweli. Redio ilikuwepo kweli. Spika nne zilikuwepo, mbili mbele, mbili nyuma. Ila redio hiyo ilikuwa haijatoa sauti hata ya mbu kwa miaka miwili. Ukiiwasha, taa inawaka, namba zinaonekana, kaseti iliyomo inazunguka vizuri kabisa, na wewe husikii kitu. Hilo Akilimali hakulisema.

Siku ya kupeleka mahari ilipopangwa, Ruth akatoa sharti moja tu.

"Ndoa yangu ya kwanza nilichukuliwa kimya kimya, bila kigelegele hata kimoja. Asubuhi majirani waliniona nafagia mlango mwingine, wakauliza nimehama au nimeolewa. Safari hii nataka usikike, Papa Bora. Uanze kusikika kule kona ya chini, wanawake watoke majikoni. Na iwe hiyohiyo redio yako ya spika nne. Ukija kimya, geuza gari papo hapo."

"Na kama nikaleta zile spika ndogo za siku hizi, za kuunga na simu?"

"Hata muuza maandazi wa hapa anayo. Mimi uliniambia spika nne."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Akilimali ilikuwa imebakiza siku moja. Mahari ni Jumamosi saa sita mchana, na hii ni Ijumaa asubuhi. Uthmani wa kituo cha teksi alishamuuzia antena mpya. Gari likapata pembe, redio ikabaki bubu. Fundi Simoni alibadilisha fyuzi tatu, kisha akaipiga dashibodi ngumi kwa imani kubwa. Hakuna aliyethubutu kuichomoa redio yenyewe, kwa sababu lazima kwanza ung'oe fremu ya plastiki, na plastiki ya umri ule ikivunjika, hupati nyingine hata kwa maombi. Wote wawili walimwambia anunue redio nyingine. Thubutu! Na ile aliyomsifia Ruth mwaka mzima?

Akabaki Vumilia. Huyu ni fundi wa umeme wa magari mwenye kibanda nyuma ya soko, mama wa miaka arobaini hivi, naye wa kurudi kutoka Tanzania. Akilimali alifika kwake anahema.

"Inaumwa nini, mzee wangu?"

"Haiumwe! Iko inaishi, lakini haiseme. Niponeshee hii kitu leo, Mama Fundi. Kesho mi naoa!"

Vumilia akaweka koleo chini. "Kesho? Ndiyo unaniletea leo?"

"Bon, mapenzi ilinichelewesha."

"Haya, kaa pembeni na mapenzi yako, usinizibie mwanga."

Vumilia hakuanza kwa ngumi. Aliwasha redio, akatazama taa, akasema umeme unafika, kwa hiyo habari ya fyuzi tuiache, na Simoni arudishe pesa za watu. Akazungusha kitufe cha kugawa sauti mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kimya. Akafungua kifuniko cha spika ya mlangoni, akachukua betri moja ya tochi na vipande viwili vya waya, akagusisha. Tk! Spika ikakohoa.

"Umesikia? Mzima huyu."

Akazunguka zote nne. Tk, tk, tk. Kila moja ilipokohoa, Akilimali aliruka na kupiga makofi, mpaka wauza viatu vya mitumba wakaja kutazama.

"Spika ziko hai, redio inapata umeme," Vumilia akasema. "Basi zimekosana njiani. Tuzifuate huko huko ndani."

Akaliweka gari juani kwanza, ile plastiki ipate joto ilegee. Hiyo ndiyo akili ambayo wenzake hawakuwa nayo. Baada ya nusu saa akaisukuma fremu kidogo kidogo kwa ncha ya kijiko, na ikatoka nzima. Akilimali alikuwa amefumba macho, anamwita Yesu. Redio ikavutwa taratibu hadi nyaya zake za nyuma zikaonekana.

Plagi ya umeme ilikuwa mahali pake. Plagi ya spika ilikuwa imechomolewa. Haikuchomoka yenyewe, la: ilikuwa imefungiwa ndani ya kipande cha kitenge cha kijani chenye ndege weusi, kikapigwa fundo safi.

Akilimali alikitambua kabla hajakigusa. Ndicho kitenge walichoshona familia nzima siku za matanga ya Mama Bora.

"Mtu aliinyamazisha," Vumilia akasema polepole.

Kila mtu wa huku anaelewa. Msiba ukiingia, muziki unazimwa na jembe linawekwa chini, mpaka siku watu wakae, wale, waombe, matanga yaondolewe; ndipo kila kilichosimamishwa kinarudishwa, kimoja kimoja. Akilimali alifanya yote hayo kwa heshima zote. Jembe alilirudisha, meza ya sokoni aliifungua, redio ya nyumbani aliiwasha. Gari halikukumbukwa na mtu. Kumbe miaka miwili Uthmani na Simoni walikuwa wanatibu msiba kwa antena!

"Chomeka basi, ni sekonde mbili!"

Vumilia akafuta mikono. "Mimi ni fundi wa waya, mzee wangu. Haya siyo ya waya, haya ni matanga. Aliyefunga ndiye afungue. Hata kambini tulifuata hivyo. Au unataka kwenda kuoa na gari lenye msiba?"

Akilimali akakaa juu ya tairi. Alimjua aliyefunga. Nani mwingine angekuwa, kama siyo Bora? Na shida yenyewe ilikuwa hapo: Bora hakuwa ameambiwa neno hata moja kuhusu Ruth. Mwaka mzima, kila baada ya wiki mbili, baba mtu alikuwa akiaga kwamba anakwenda Muyinga kununua maharage. Ghala lilijaa maharage. Chini ya kitanda kulikuwa na maharage. Alipanga kumwambia mwezi uliopita, halafu Jumapili, halafu jana. Mtu anayeweza kumuuzia sabuni mtu aliyetoka kuoga alimwogopa mtoto wake mwenyewe.

Akapiga simu. "Bora, kuya kidogo hapa kwa Mama Fundi."

Bora alikuja na unga wa sabuni mikononi, msichana wa miaka ishirini na nne, mrefu kama mama yake. Akaona redio inaning'inia. Akaona kitambaa.

"Ni mi nilifungaka," akasema kabla hajaulizwa.

"Sasa kwa nini hukuniambia, mwana wangu?"

"Kesho yake ya kuzika uliwasha gari, Papa. Kaseti ya Mama ikaanza pale pale yeye aliiachaka. Ulilia katikati ya barabara, mapikipiki yanatupita yanapiga honi. Mi nikasema hii kitu haitamulizisha tena Papa yangu. Ulipoingia kanisani nikapitisha mkono kwa chini, nikachomoa." Akakitazama kile kitambaa. "Nikangoja uniulize. Siku yenye ungeuliza, ningefungua. Ukauliza Uthmani. Ukauliza Simoni. Mi ukaniambia unaenda kununua maharage."

Akilimali akatazama viatu vyake. Ilimuuma, na alistahili.

"Bora, mi nataka kuoa."

"Najua, Papa. Gitega nzima inajua. Nani ananunuaka maharage amejipaka marashi?"

Vumilia alicheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi, na wauza viatu wakapokezana kicheko hicho hadi mwisho wa mstari. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini Akilimali hakucheka. Alisimama, akamshika binti yake mabega.

"Bora. Hii redio iko na nini?"

Bora akajipangusa unga mikononi. Aliinama ndani ya gari, akafungua fundo, akakikunja kile kitambaa akakiweka kifuani, halafu akachomeka.

Lo! Simoni na Uthmani, katika kuhangaika kwao, walikuwa wameacha sauti imezungushwa hadi mwisho. Kwaya ya Uvira ililipuka kwa spika zote nne katikati ya wimbo. Kuku wa jirani waliruka ukuta. Vumilia akarusha mikono juu, wauza viatu wakacheza na viatu mikononi, Akilimali akamzungusha Bora mpaka kanga ikamfunguka, na wote wawili wakawa wanalia na kucheka, wala hawakujua kipi ni kipi.

Jumamosi Bora ndiye aliyeshika usukani. Baba yake alikaa mbele na koti lake la kijivu; nyuma alikaa kaka mkubwa wa Akilimali, Mzee Zihalirwa, aliyetoka Uvira kuwa msemaji wa mahari. Esanse, yaani petroli, ilikuwa imetafutwa wiki nzima, lita kwa lita. Kwaya iliimba Gitega hadi Karusi, ikaimba hadi wakaingia upande wa Muyinga, kaseti ikigeuzwa na kugeuzwa tena.

Hatua chache kabla ya kona ya chini ya Gasorwe, Bora akasimamisha gari. Akabonyeza kitufe, kaseti ikatoka. Kimya kikarudi.

"Bora! Unafanya nini? Atanifukuza!"

"Mama amekusindikiza mpaka hapa, Papa," Bora akasema. "Hapa anashuka."

Akaitia kaseti kwenye mkoba wake, akafunga zipu. Nyuma, Mzee Zihalirwa alivua kofia. Akilimali akautazama ule mkoba.

"Sasa tunaingia na nini?" akauliza hatimaye.

"Na redio."

Bora akazungusha kitufe. Stesheni ya kwanza iliyoshika ilikuwa na mtangazaji mwenye sauti nzito, anasoma kwa Kirundi tangazo la chanjo ya mbuzi. Kutafuta nyingine? Saa sita ilikuwa imefika! Bora akaongeza sauti hadi mwisho, akashusha vioo vyote, akakanyaga mafuta.

Spika nne zikaitangazia Gasorwe kwamba mbuzi wote waletwe Jumatatu, kila mmoja na kamba yake. Wanawake wakatoka majikoni na miko mikononi. Mmoja akapiga kigelegele, maana gari la mahari ni gari la mahari, na wengine wakadakia, wakaanza kucheza chanjo ya mbuzi kama wimbo wa harusi. "Zote! Na majike yenye mimba!" Mzee Zihalirwa akaitikia kwa nyuma, mabega yanaruka.

Ruth alikuwa mlangoni na kitenge kipya. Alishika mwimo kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi yakamfika kidevuni, akacheka mpaka shangazi zake wakamshikilia kiuno.

"Umesikika, Papa Bora!" akapiga kelele. "Umesikika, yatosha, punguza!"

Akaja mbio hadi garini. Akilimali alishajiweka sawa, koti limefungwa vifungo vyote, uso kwenye dirisha. Ruth akampita. Akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa Bora kwanza, akamkumbatia hapo hapo kwenye kiti, na Akilimali akabaki amekaa peke yake na mtangazaji wa mbuzi, akisubiri na yeye afunguliwe.