Sijambo ya Mwanawetu

Bi Mwamvua wa Mtawanya alikuwa mwembamba, na mdomo wake haukuwa na kufuli. Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza yeye ndiye aliyekuwa nesi mkubwa wa hospitali ndogo ya Kibiti, na wasichana waliokuwa wakijifunza unesi waliletwa kwake waizoee kazi. Kufunga vidonda walikwisha kujua. Kilichowashinda ni kuzungumza na watoto, na hicho ndicho Bi Mwamvua alichowafundisha, kwa maneno makali kuliko dawa ya kidonda.

"Mtoto wa kwetu ukimwuliza hujambo, atakujibu sijambo hata roho ikiwa kooni," aliwaambia. "Ndiyo adabu aliyofunzwa. Mtu mzima atasema sijambo, kisha atakuletea lake: ila kichwa, ila mgongo. Mtoto hana ila. Basi msimwondokee upesi."

Wasichana waliitikia, "Ndiyo, bibi," wakaenda kufanya yaleyale. Ujana nao una masikio yake.

Mmoja wao, Sikujua, alikuwa na mkono mwepesi na moyo mwema, lakini daima alikuwa mbioni. Aliyepewa kumwangalia ni Mwanawetu, kitoto cha miaka saba hivi, binti wa Bwanaheri, mkata mikoko wa visiwani. Mtoto alikuwa amechomwa mguuni na kisiki cha mkoko. Kila asubuhi alimwamkia Sikujua shikamoo, naye Sikujua akauliza, "Hujambo?"

"Sijambo."

"Na mguu?"

"Mzuri."

Kidonda kikafumba juu, Sikujua akafurahi. Bwanaheri akaja kumchukua mwanawe, maana mtumbwi ulikuwa ukiwasubiri mtoni, na huko kwao hakuna daktari wala nesi.

"Amepona, bibi," Sikujua alimwambia Bi Mwamvua. "Mwenyewe anasema hajambo."

Bi Mwamvua akautazama uji wa mtoto. Haukuguswa.

Zamani, utotoni, yeye alikuwa na mdogo wake, Nassibu. Msimu wa kulinda mpunga kila mmoja alikaa katika dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo, akifukuza ndege. Mama yao alikuwa akipaza sauti kutoka dungu lake, "Nassibu, hujambo huko?" Naye Nassibu hujibu kutoka la kwake, "Sijambo, mama!" Homa ilikuwa imekwisha kumshika, wala hakuisema, kwa kuwa aliulizwa salamu akajibu salamu. Asubuhi moja mama aliita, na dungu la Nassibu likanyamaza. Hapakuwa na wa kulaumiwa, na hilo ndilo lililomuuma Mwamvua maisha yake yote.

Basi akakaa chini, sakafuni, karibu na Mwanawetu, kama bibi na mjukuu wake.

"Mke mwenzangu," akasema, "nasikia unasafiri. Heri wende! Nitabaki na mume wetu peke yangu."

Mwanawetu akajificha uso kwa khanga. "Mchukue tu," akasema. "Babu hana meno."

Hata Bwanaheri alicheka. Bi Mwamvua akangoja kicheko kiishe.

"Wewe hujambo, nimesikia, alhamdulillahi. Na huyu mguu je, naye hajambo? Maana yeye hatujamwamkia."

Sikujua akataka kusema neno, Bi Mwamvua akamshika mkono. Mwanawetu alimtazama baba yake, akautazama mguu, kisha akanong'ona.

"Mguu halali usiku. Analia mpaka huku." Akagusa juu ya paja.

Pale palikuwa na uvimbe kama ndimu. Na mguuni usaha ulikuwa umejificha chini ya ile ngozi iliyofumba vizuri. Daktari alisema kwamba kama mtoto angeupanda ule mtumbwi, angerudi kaburini, si nyumbani. Bwanaheri akaketi kizingitini, akaagiza mtumbwi uende zake.

Kidonda kikafunguliwa, kikatolewa kijiti cha mkoko. Sikujua ndiye aliyempakata mtoto. "Itauma, mwanangu," alimwambia, "nami nitakuwa hapahapa." Wakalia wote wawili. Bi Mwamvua hakumgombeza Sikujua. Jioni alimketisha akamsimulia habari za dungu la Nassibu, jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mwanafunzi yeyote.

Siku ya kuondoka ilipofika, Bwanaheri alitangulia na mzigo. Bi Mwamvua alikuwa chumba cha dawa, akawasikia wale wawili mlangoni.

"Mwanawetu, hujambo?"

"Sijambo."

Sikujua hakuondoka. Alichuchumaa, akangoja.

"Na mguu?"

"Naye hajambo," mtoto akasema. "Ila ana njaa."

Bi Mwamvua akaweka chupa chini, akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Kisha akaenda mwenyewe kuwatafutia ndizi.