Wanyama wa Herufi Te

Jumamosi, siku ya nane ya Mfunguo Tisa, mwaka 1301 wa Hijra. Mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo adhuhuri, ikaanza tena. Ua wote ni matope, na nyayo za twiga zimejaa maji.

Naandika kwa sababu nyumba imenyamaza. Chuo cha Kurani sikuhitimu, marehemu baba alinitoa akaniweka kwenye kushona kofia, kwa hiyo atakayesoma anisamehe nitakapokosea. Nitajitahidi nisimpunje mtu haki yake.

Mhindi anayenunua wanyama wa kupelekwa Ulaya, kwenye bustani ambako watu huingia kuwatazama tu, hakuwa na ua wa kutosha. Akaomba kuwaweka kwetu, sisi tunaokaa mwisho wa mji, njia ya Zinga. Mwanzo tuligombana sana. Kila mtu alitaka swala, hakuna aliyetaka nyani. Ndipo Mhindi akaleta shauri la herufi za Kiarabu: kila nyumba herufi yake, imeandikwa kwa chokaa juu ya mlango, na mnyama ajapo huenda kwenye herufi ya jina lake, apendwe asipendwe. Sikuona dhuluma ndani yake. Jirani yangu alipata sini, akaletewa mtoto wa simba. Mimi nilipata te.

Jirani huyo akipita asubuhi husema, "Te si yako? Basi na tembo ni lako. Tutilie kikombe."

"Mlete kwanza simba wako anilindie mnazi," humjibu.

Ni mtu mwema, ila akishaipata ya kuchekesha haiachi.

Mke wangu alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Mama yake alikuja kutoka Pangani kumuuguza. Akakaa matanga, akakaa arobaini, na baada ya hapo hakuna aliyesema aende wala abaki. Mtu na mama mkwe wake, desturi yetu inajulikana: hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawakai chini wakazungumza. Mke wangu alipokuwa hai, yeye ndiye aliyechukua maneno ya huku akayapeleka kule. Alipoondoka yeye, maneno yakakosa wa kuyabeba. Asubuhi nasema, "Shikamoo, mama." Nyuma ya mlango, "Marahaba, baba." Ndiyo basi mpaka kesho yake. Chakula nakikuta barazani kimefunikwa kawa.

Kaka yake mama mkwe alimtumia salamu kutoka Pangani kwamba wajukuu wanamtaka. Jibu lake nililisikia kwa mke wa jirani: mwanamume peke yake hawezi nyumba na wanyama pamoja, kwa hiyo atakwenda wanyama wakiisha.

Wakati huo nilikuwa na tumbili wawili, kisha akaja tandala. Hao niliwatunza mwenyewe, wakaondoka salama. Kisha wawindaji wa upande wa Vigwaza wakamleta twiga, mtoto bado, miguu inatetemeka kama meza iliyolegea. Nikamtilia maziwa ya mbuzi kwenye kata. Akageuza uso. Nikambembeleza, nikamkaripia, nikamkamata shingo. Jua lilikuwa linazama na hajanywa hata tone, nami nikaanza kujiuliza nitamweleza nini Mhindi.

Nikasikia kikohozi nyuma ya mlango.

"Ewe twiga," alisema mama mkwe. "Mwambie baba yako aweke hiyo kata chini, atoke. Nani atakunywa kwa mtu anayehema namna hiyo?"

Nikaiweka, nikatoka barazani. Niliporudi, baada ya kubisha hodi, kata ilikuwa tupu. Alikuwa amechovya vidole kwenye maziwa, mnyama akavinyonya, mpaka akafika kwenye kata bila kujua.

Tangu siku hiyo tukazungumza. Sisemi tulizungumza mimi na yeye. Tulizungumza na twiga. Mimi nilikaa nje ya mlango wa uani nikishona, yeye ndani na mnyama wake.

"Twiga, mwambie baba yako maziwa ya leo yamechacha. Aliyemuuzia kamwona mjinga."

"Twiga, mwambie bibi yako nimesikia. Kesho nitayaonja kwanza."

"Mwambie na matawi ya mgunga ayakate machanga. Au naye hula miba?"

Siku moja akamwambia twiga jinsi mke wangu, utotoni, alivyokataa kunyonya kwa yeyote asiyemwimbia. Sikuwa nikilijua hilo. Niliiweka sindano chini, kwa kuwa nilikuwa sioni tundu.

Juzi Mhindi alikuja. Chombo kiko tayari, twiga ataondoka Jumamosi. Halafu, tukiwa nje njiani, akaniambia kwamba wenziwe wa Ulaya hawataki tena wanyama wa te. Mimi sina neno naye. Mapema aliniambia kazi ni ya msimu.

Jioni, mama mkwe akauliza taratibu kuliko kawaida yake. "Twiga, muulize baba yako, hiyo herufi yake ina nani tena?"

Nilijua anachouliza. Tohe ni te. Tai ni te. Ningewataja hao wawili, nisingekuwa nimesema uongo, naye angengoja, na huenda msimu ungepita akingoja. Niliendelea kushona mpaka nikahisi anaondoka mlangoni.

"Twiga," nikasema, "mwambie bibi yako wapo katika herufi, lakini hapa uani haji tena hata mmoja. Wewe ndiye wa mwisho."

Nikasikia mkono wake ukipapasa ngozi ya mnyama, juu chini, juu chini.

Leo asubuhi walimchukua. Mama mkwe alijifunika ukaya akafika mpaka mlango wa mbele, mahali ambapo sijapata kumwona akisimama. Twiga hakuvuta kamba. Alikwenda nao kama anakwenda kisimani, na mvua ikamficha kabla hajafika kona.

Tulibaki wawili, na hapakuwa na wa kusemeshwa. Nilitazama kizingiti. Naye nadhani alitazama ukuta.

"Mwanangu," akasema, na, ukiacha marahaba ya asubuhi, ilikuwa mara ya kwanza neno lake kunijia mimi moja kwa moja. "Mvua ikipungua nitakwenda Pangani."

"Ndiyo, mama."

"Kofia zako zimo katika kikapu, nimezitoa kwenye unyevu."

"Ahsante, mama."

Nilitaka kusema abaki. Lakini kule ana wajukuu walio hai, wanaomwita. Hapa ana kaburi, na mkwe asiyeweza hata kumtazama. Nikipima, upande wao ni mzito, nami sikuona haki ya kuuegemea upande wangu. Au labda niliogopa tu, nikaita woga wangu haki. Nimefikiri tangu asubuhi na sijajua.

Jirani alipita magharibi, akaona ua mtupu, hakutania.

Jioni tumekula muhogo wa nazi na papa mkavu, yeye ndani, mimi barazani.