Maji ya Deolinda

Kwa miaka thelathini Deolinda alilima saladi kando ya kijito kinachopita nyuma ya nyumba yake, huku kwetu katika jimbo la Minas Gerais. Kisha serikali ikaanza kuyapanga maji ya bonde lote kwa madaraja ya usafi. Mboga inayoliwa mbichi, iliyolala karibu na udongo, hutaka maji ya daraja la kwanza. Daraja la pili lingemwachia maboga na michungwa, naye alikuwa mtu wa saladi.

Mimi ndiye niliyetumwa kuyapima: sampuli sita kwa mwaka, moja kila baada ya miezi miwili, na tano lazima ziwe safi. Mito mingi ninayoipima imekwisha kuchafuka. Nimezoea kupeleka habari mbaya. Sampuli ya nne ya Deolinda ilitoka chafu.

Ya tano niliifuata asubuhi, mapema kuliko kawaida. Nilimkuta ndani ya maji, sketi kaifunga kiunoni, anasugua mawe kwa ufagio. Tope na samadi ya ng'ombe vilivyokuwa vimetulia chini vilikuwa vikielea.

"Mama, unafanya nini?"

"Si mgeni anakuja? Nikuonyeshe uchafu, halafu watu waseme nini?"

"Na mara ile ya mwisho?"

"Mara ile nilisugua kweli kweli, binti."

Mumewe, Argemiro, alicheka mpaka akashika uzio. "Huyu angeweza, angekipiga pasi hiki kijito!"

"Nyamaza, hata kahawa hujachemsha."

Sikuchukua maji siku ile. Nilimkataza kusugua tena, nikarudi baada ya siku tatu, tope lilipokwisha kutulia, na sampuli ikatoka safi. Ikabaki moja.

Siku ya sampuli ya sita Deolinda alisimama ukingoni, mikono kaikunja kwapani.

"Lile jani pale. Niliondoe?"

"Liache, mama."

"Linanitia aibu."

"Mshike, binti, atachomoka!" alisema Argemiro.

Juma lililofuata nilipeleka majibu mwenyewe: safi, daraja la kwanza. Deolinda alifuta mikono kwenye aproni, akaenda kuleta miche ya saladi.

"Vua viatu," akaniambia.

Tulipanda mpaka jua likawa kali. Mstari wangu ulikwenda mshazari. Deolinda akaung'oa, akaupanda upya.