Kitabu cha Zamu

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, serikali ilikuwa imeshaacha kugawa kazi. Waliotutangulia walipangiwa vituo kabla hawajavua majoho. Sisi tuliambiwa soko litatupangia. Nikarudi Mwanza na shahada yangu, nikafikia kwa kaka yangu Mkuyuni, juu kwenye mawe, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa jabali lenyewe. Kaka alikuwa amepunguzwa kiwandani Nyakato baada ya kufuma vitenge tangu ujana wake. Sasa aliponda kokoto nyuma ya nyumba. Mkewe, wifi yangu, alikaanga mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani minofu ikishapelekwa Ulaya, akayauza sokoni. Mama yetu alikuwa amekuja kutoka Magu kutibiwa mguu. Mguu haukupona, naye akabaki.

Na alikuwepo binti wa kaka, mwenye miaka saba, ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza.

Sikuwa na la kufanya mchana, basi nikajipa kazi ya kujua mtoto huyu anafundishwa nini. Kila akirudi nilimuuliza, "Leo mmejifunza nini?"

"Kusoma."

"Mmesoma nini?"

Hapo alisimama wima, mikono ubavuni, akaimba: ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, bila kumeza mate mpaka za ze zi zo zu. Kisha akaomba uji.

Siku moja alisahau dumu la maji ambalo kila mwanafunzi alitakiwa kwenda nalo, nikampelekea. Nilisimama dirishani nikaangalia. Watoto walikuwa wamekaa sakafuni, wamebanana mpaka mlangoni. Mwalimu aligonga ubao kwa fimbo, darasa zima likaitikia kwa sauti moja, sauti nzuri kweli, ungedhani ni kwaya. Waliokaa nyuma hawakuuona ubao. Waliona visogo. Binti wa kaka alikuwa amegeuka kabisa, ananitazama mimi na dumu lake, na mdomo wake ukasema "nyo" sawasawa na wenzake wote.

Niliondoka nikijiuliza maswali ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyekuwa na hamu ya kuyasikia.

Vitabu vya kusomea vilikuwa vichache. Watoto wa safu moja walitumia kimoja, na kitabu hicho kilikwenda nyumbani kwa zamu. Zamu ya mtoto wetu ikifika, kilifika kwetu mchana kikiwa kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kikalala, asubuhi kikarudi shuleni kwenda kwa mwingine. Wifi alikuwa na njia yake ya kupambana na jambo hilo. Siku ya kitabu hakwenda sokoni. Alimwita kaka, vumbi la mawe likiwa bado kwenye kope zake, akamkalisha kizingitini ili asome kwa sauti, sentensi moja moja. Mtoto anarudia. Wifi anarudia. Watoto wa jirani wanarudia maneno ya kitabu: Kaka ana jembe. Jembe lina mpini. Kaka anakwenda shambani. Mpaka jua linapotua, kurasa zote zilikuwa zimehamia vichwani.

"Kitabu kiende zake," wifi alisema akikifunga tena kwenye nailoni. "Maneno yanabaki hapa."

Lilikuwa jibu la akili kwa shida yao, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Mama ndiye aliyelifurahia zaidi. Baba yake alikuwa kiongozi wa waimbaji katika moja ya vyama vya ngoma vya Usukumani, na kwao mtoto aliyeusikia wimbo mara mbili bila kuushika alichekwa na ukoo mzima. Mama hakuwahi kukaa darasani. Wakati wa kisomo cha watu wazima alifundishwa kuandika jina lake, basi. Lakini kitabu cha darasa la kwanza alikishika kuliko sisi wote. Siku nyingi baada ya kitabu kuondoka, yeye akisonga ugali na mtoto akikariri nje, utasikia kutoka jikoni:

"Umeruka! Kwanza anakwenda shambani, ndipo kuku anakula mtama."

"Ndiyo, bibi." Na mtoto anarudi nyuma, anampeleka kaka shambani.

"Haya, hapo sawa. Anasoma vizuli huyu," mama ananiambia. "Amenifuata mimi. Ninyi wawili mlifuata kwa baba yenu."

Zamu iliyofuata nilifanya jaribio. Nilimkalisha mtoto kwenye mapaja yangu, kitabu mbele yetu, nikamwacha asome ukurasa wa kwanza. Alisoma vizuri, kidole kikitembea chini ya mistari. Kisha nikafunua kurasa mbili kwa pamoja. Mbele yetu sasa palikuwa na picha ya ng'ombe anakunywa maji. Mtoto akaendelea, kidole chini ya mistari, akasoma habari za kuku na mtama zilizokuwa kwenye ukurasa nilioruka. Alizisoma zote, kwa madaha, mpaka nukta ya mwisho. Jikoni mama alikuwa anaguna kwa kuridhika.

Nikamwonyesha neno moja. "Hili linasemaje?"

Akanitazama, akatazama neno, akaanza: "Kaka ana jembe. Jembe lina..."

"Hapana. Hili tu."

"Mpaka nianze mwanzo, shangazi."

Wifi alikuwa anaparua magamba. Nilimwambia polepole, nikijitahidi nisionekane najidai, kwamba mtoto hasomi. Anakumbuka tu.

"Wifi, na kusoma ni nini?"

"Kujua maandishi yanasema nini."

"Si amekwambia yanasema nini?" Akacheka, kisu kikicheka naye. "Wewe umesoma mpaka ukamaliza shule zote za nchi hii, na bado unakula mapanki yangu. Sasa unataka na mwanangu umtie mashaka?"

Kaka hakucheka. Alisema, "Mimi nilisoma hivyohivyo, nikajua."

"Wewe ulikuwa na kitabu chako kila siku, kaka."

Akanyanyuka, na baada ya muda nyundo ikasikika nyuma ya nyumba.

Nikaanza kumfundisha mwenyewe. Niliandika kwa mkaa kwenye jabali la ukutani, herufi moja moja, nikizichanganya ili wimbo usimsaidie. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Kila herufi aliyoiona peke yake aliitazama kama mtu aliyemkuta sokoni jirani yake asiyemzoea nje ya mtaa wao. Mchana mmoja, baada ya kuvutana sana, aliunganisha mwenyewe *ma* na *ma* akasema "mama," kwa mshangao, akageuka kuangalia kama nami nimeona. Nilimnyanyua juu. Nilikosa busara, nikaandika *ama* palepale nikitaka zaidi. Akaishangaa, akachoka, midomo ikaanza kutetemeka.

"Shangazi, ya kwako haina hadithi."

"Itakuwa nayo. Polepole."

"Mwalimu ananipigia makofi. Wewe unanuna."

Kesho yake alikwenda kucheza kwa jirani, na keshokutwa vilevile. Mvua ya vuli ilipiga upande ule wa nyumba, ikaingia kwenye ufa na kuosha jabali.

Nilikwenda kumwona mwalimu. Alikuwa mama wa makamo, anasahihisha madaftari kwenye benchi nje ya darasa kwa sababu ofisi ilikuwa imefurika maji.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye shangazi msomi. Mtoto amenisimulia."

Nilimweleza jaribio langu la kurasa mbili. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuweka alama za vema.

"Unafikiri sijui?" akasema. "Nawajua wanaosoma, na wanaoimba. Wako pia wasioimba. Wanakaa mwaka mzima na kufungua mdomo wanaogopa. Wa kwenu anasimama, anasema kwa sauti, watu wanamsikia. Nikimwambia huyo arudie darasa, wale niwarudishe wapi? Kwenye matumbo ya mama zao?"

Nilicheka bila kutaka. Naye akacheka kidogo, akavua miwani.

"Jioni nafundisha nyumbani. Wachache, mmoja mmoja, kama unavyotaka wewe. Mlete."

Tulijua wote wawili kwamba masomo ya jioni yalikuwa ya watoto wa wenye maduka. Mshahara wake ulikuwa unachelewa, kila kitu kilikuwa kimepanda, na alichokuwa nacho cha kuuza ni kile tulichokuwa tumezoea kukipata bure darasani. Sikuweza kumchukia. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, na sikumwambia wifi, kwa kuwa angejaribu kutafuta njia na njia haikuwepo.

Sijui kwa nini jambo hili lilinikalia rohoni namna ile. Nadhani ni kwa sababu nilimwona mtoto anasogea kuelekea darasa la pili, la tatu, la saba, akiwa amesimama wima na mikono ubavuni, kila mwaka wimbo ukizidi kuwa mrefu, mpaka siku atakayopewa karatasi ya mtihani, chumba kikiwa kimya na hakuna wa kumwanzishia. Pia nilikumbuka kumbi za chuo, tulivyoandika maneno ya mhadhiri na kumrudishia yaleyale kwenye mtihani, na jinsi tulivyofaulu. Lakini mimi angalau nilikuwa naweza kusoma. Ndivyo nilivyojiambia.

Mwisho wa mwaka ikaja siku ya wazazi. Mwalimu alimchagua binti yetu asome kwa niaba ya darasa la kwanza mbele ya mgeni rasmi. Wifi alimsuka nywele, kaka akanawa mpaka nikaiona tena rangi ya uso wake. Mama, na mguu wake, aliteremka mawe yote yale ameshika bega langu. Mgeni rasmi alikuwa mfanyabiashara aliyefungua duka la vitabu mjini, maana vitabu sasa vilikuwa vinauzwa kama sabuni. Mtoto alipewa kitabu cha safu yake. Alikifungua, akaweka kidole, akasoma. Hakuruka kitu. Kando yangu midomo ya mama ilikuwa inatembea pamoja naye, na nilipotazama mbele nikaona na ya kaka.

Watu walipiga makofi na vigelegele. Mwalimu alinitafuta kwa macho kwenye umati, kisha akaangalia pembeni. Ningeweza kusimama. Ningesema nini, na ningemsemea nani, mbele ya mama aliyeshuka mlima kwa mguu mmoja?

Mgeni rasmi alifurahi. Alitangaza kwamba mtoto mwerevu kama huyu asisubiri zamu tena, akampa kitabu kipya cha darasa la pili, chake mwenyewe, chenye picha za rangi na harufu ya gundi. Wifi alilia njia nzima.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Majirani walikuja, wakakaa kwenye mawe. Mama alivutiwa kigoda karibu kabisa, akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Haya mama," wifi alimwambia mwanawe, "tusomee hicho kipya."

Mtoto akakifungua. Ulikuwa ukurasa wenye picha ya mtumbwi na maandishi mengi kuliko alivyozoea. Aliutazama. Watu walingoja, wakitabasamu. Alifunua ukurasa mwingine, akarudi wa kwanza. Nilipiga magoti karibu yake, nikaweka kidole changu kwenye neno la kwanza, fupi, lenye *ma* ndani yake, nikamnong'oneza, "Hili unalijua. Jaribu."

Hakulitazama. Alinitazama mimi, macho yakianza kujaa.

"Shangazi," akasema kwa sauti ndogo, "anza wewe, nami nitarudia."

Nikaangalia nyuso zile zote. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Nikasoma sentensi ya kwanza kwa sauti. Mtoto akairudia, wifi akairudia, mawe yote yakairudia. Nikasoma ya pili. Mama alikuwa wa kwanza kuishika.