Fimbo Mbele ya Shuka

Mwonyesha filme wa parokia yetu ya Saio hakuacha picha nzuri ipite bure. Alisimamisha mashine, akafunga kifungo cha juu cha koti lake la abakosti, akakohoa kama padri, kisha akaikimbilia shuka nyeupe ya kuonyeshea picha, fimbo ya mwanzi mkononi, maana ilimpasa kueleza kabla filme iliyosimama haijaanza kunuka moto kwa joto la taa. Jioni ile, picha ilikuwa ya mume na mke mlangoni.

“Muangalie! Bwana iko ku mukono ya kuume. Mwenye kuwa kuume ndiye shefu ya nyumba. Muke iko kushoto, ye anatii tu.”

Wanaume wakapiga makofi. Nyuma ya shuka, walikokaa wanawake wakiona kila kitu kimegeuzwa kuume kwa kushoto, ikatoka sauti ya Kanyere, mke wa mwonyesha filme: “Huku kwetu muke ndiye iko kuume!”

Vigelegele vikalipuka. Mumewe akazunguka nyuma kuhakikisha, akakawia huko. Aliporudi, fimbo ilikuwa kwapani.

“Ile ya nyuma haina maana,” akasema kwa sauti ndogo. “Ni kivuli tu.”

“Sawa, baba,” akajibu Kanyere. “Leo kwetu utakula kivuli ya sombe.”